Mizani ya Viazi

Mizani ninayopimia mifuko yenu
ndiyo niliyopimia viazi miaka kumi na minane
sokoni Huaraz, kabla goti halijanigomea.
Ndoano yake haina adabu.
Ikisema kilo kumi na sita, ni kumi na sita,
na punda wa Abilio Tinoco, waliofungwa pale nje,
hawakukubali zaidi ya kumi na mbili kwa kila mgeni.

Basi mwageni vyote. Hapa, juu ya blanketi.
Msione haya, nimeshaona mengi:
pasi ya umeme, viatu vya dansi,
nazi nzima, kwa sababu ambayo sikuambiwa.

Joost, mfamasia wa Utrecht, ana taulo tatu.
Tatu, baba! Maji ya kule juu yanakata kama wembe,
utanawa uso mara moja na hutarudia.
Acha mbili. Na soksi za pamba ziache;
pamba ikilowa huikumbatia baridi kama ndugu yake.
Chukua hizi za sufu. Zinawasha, ndiyo,
ila muwasho ni habari njema: kidole bado ni chako.

Kaori ameorodhesha kila kitu kwa kalamu za rangi tatu
na bado amesahau glavu.
Namkodisha hizi, soli nane kwa siku.
Ya kushoto ina kiraka changu, uzi wa manjano.

Kateni kucha za miguu usiku huu.
Mnacheka.
Njia ya kushuka haicheki; kucha ndefu
hugonga ncha ya kiatu saa sita mfululizo,
na nimemwona mwanamume mzima, hakimu,
akiingia uani kwangu kinyumenyume.

Betri laleni nazo kifuani.
Chupa ya maji isimamisheni kichwa chini,
maana barafu huanza kushika juu,
na alfajiri mtakuta mdomo wake ungali wazi.
Na kichwa kikianza kugonga, sisi twaita soroche,
semeni. Msijikaze kisabuni.
Mlima hauna haraka nanyi.

Saa nne wamelala. Simbilisi wanalialia jikoni.
Yonel amepiga magoti, anafunga begi lake.
Kesho ndiyo mara yake ya kwanza kutangulia mbele;
cheti chake bado kinanuka plastiki.
Nimempenyezea sweta nene,
mfuko wa mahindi ya kukaanga,
mtakatifu wa bati mwenye shavu lililobonyea,
jibini, sweta jingine.

Anachomoa kimoja kimoja, bila neno,
anavipanga juu ya blanketi lile lile,
kando ya taulo za mfamasia.

Kisha analitundika begi kwenye ndoano.
Kilo kumi na tisa.
Namwangalia. Na yeye ananiangalia.
"Kamba hiyo, mama. Dawa zao. Chupa ya hewa.
Njumu za akiba, za yule atakayevunja zake.
Vyangu ni kilo tatu."

Kamba ni mpya, ya buluu, haijajua mkono.
Ile ya baba yake naianikia nguo
tangu mwaka ule, na sipendi kuulizwa.

Nilitaka kusema kitu kuhusu kilo tatu.
Nikazima taa badala yake.

Walipoondoka bado giza, taa za vichwani
zikapanda kichochoro zikipepesuka, saba, halafu sita,
halafu ukuta wa kanisa ukazificha zote.
Nikarudi kukunja blanketi:
taulo mbili, soksi za pamba, masweta, jibini,
mtakatifu amelala kifudifudi.

Mahindi hayakuwepo.
Huenda ni yeye. Huenda ni punda, mlango uliachwa wazi.
Abilio aliporudi kuchukua hatamu aliyoisahau
ningeweza kumuuliza.
Nikamtilia chai.