Ritifaa

Orodha ya Igombe ilifika ndani ya flashi,
waanikaji dagaa mia moja na kumi na tisa,
kazi ya kijana mmoja wa steshenari, Kirumba,
aliyependa mapambo kuliko majina.
Mwenyekiti kamkoza kwa wino mwekundu,
mweka hazina kamlaza kwa mlazo,
wajane kawapigia mstari chini
kama watu wanaohitaji kitu cha kukanyaga.

Nikanakili, nikabandika.
Uga wa jina ukameza vyote, nyama na miiba:
rangi, mlazo, fonti za kadi ya harusi,
nafasi mbili palipotosha moja.
Mzee Mazigo akachungulia begani kwangu:
"Hii ni hifadhidata au doti ya kanga?"
Tukacheka. Kongoti juu ya bati la Mwaloni
hawakucheka, ila wale hawachekagi.

Ijumaa malipo yalipita kwenye simu.
Jumamosi, saa mbili kasoro, Ng'washi Lugembe
akakaa kwenye stuli, ndoo katikati ya miguu,
magamba viganjani yaking'aa kama chenji ya mtu mwingine.
"Wenzangu simu zimelia. Yangu imelala fofofo."

Nikaandika jina lake. Hayupo.
Ananukia jua na ziwa, hatua moja kutoka kwangu,
na mashine inasema hayupo.
Nikaliandika polepole, kama anayemwita mgonjwa.
Hayupo.

Nikatafuta Lugembe peke yake,
wakatoka watatu.
Wa kwanza, ritifaa yake imesimama wima kama msumari:
huyu ana kilo zote za mwezi, hana simu.
Wa pili, ritifaa imejikunja kama ndoana:
ana simu, hana hata kilo moja.
Wa tatu hana kilo, hana simu,
ana nafasi tupu tu baada ya jina,
pumzi aliyoisahau mtu akinyanyua kidole.

"Mama, humu ndani uko watatu."
"Basi nilipeni mara tatu."

Mwalimu Nyabise, darasa la pili, Nyakato,
alitutoa jasho kwa kialama hiki:
kidondoshe, na ng'oa inageuka ngoa,
ulikwenda kung'oa jino, umerudi na wivu.
Hakutuambia kwamba kipo cha wima na kipo cha kujikunja,
kwamba jicho litawaita ndugu
na mashine itawakana.

Nikamwonyesha Ng'washi kosa langu:
kwamba nilibandika jina na nguo zake zote za safari,
kwamba lilipaswa kupita kwanza kwenye ukurasa mkavu,
usiojua rangi, usiojua mlazo,
likavuliwa, ndipo liingie.
Alitazama kioo kwa muda mrefu.
"Kumbe ni mchanga," akasema.
"Sisi tulikuwa tunaanika chini, ufukweni.
Mteja akitafuna, meno yanalia.
Ndiyo maana tukajenga vichanja."

Basi nikajenga kichanja.
Wote mia moja na kumi na tisa, mmoja mmoja,
hadi muuza uji akafunga, hadi taa za Capri Point
zikaanza kuchezea maji.
Nikapeperusha wekundu, nikapeperusha mistari,
wajane wakasimama kwenye ardhi ile ile na mwenyekiti.

Ritifaa sikuipeperusha.
Ule si mchanga. Ni jicho la dagaa,
dogo, na bila hilo humjui samaki.
Niliwapa wote ile ya wima,
Ng'wigulu, Ng'walu, na Ng'hambi wa Kayenze
anayebeba na h yake, nikaiacha alipoizoea.

Mwisho nikarudi kwa yule wa tatu.
Kishale kikarudi nyuma hatua moja.
Kwenye kioo hakikubadilika kitu
ambacho ningeweza kumwonyesha mtu.
Ndani ya ndoo, mlangoni, simu ikalia.