Viatu vya Subilaga

Kwa Kinyakyusa jina lako ni amri: Subilaga,
endelea kutumaini. Nani alimnong'oneza bibi
kwamba utaolewa na askari?

Nakukumbuka Mbalizi, Juni, baridi ya kung'ata masikio,
ukungu umekaa juu ya mabati ya kota kama mgeni asiyeaga.
Saa kumi na moja alfajiri pasi ya mkaa iko mlangoni,
unaipungia sahani ipate moto,
unanyunyiza maji kwa mdomo, fyuu, juu ya gwanda la baba,
na mkunjo wa suruali unasimama
kabla mwenyewe hajasimama.
"Mkunjo ukilala," ulisema, "watasema mkewe ndiye aliyelala."

Uhamisho ulikuja kwa karatasi moja.
Nachingwea. Monduli. Songea. Mafinga.
Ulifunga sufuria ndani ya blanketi, sisi juu ya sufuria,
na katikati ya magoti yako, kwenye lori la jeshi,
chipukizi la mgomba kutoka Kiwira,
limeviringishwa gunia la majimaji kama mtoto wa sita.
Ulilipanda. Tukahama. Wake wa wengine wakala ndizi zako.
Hukulalamika, ila Monduli:
pale ulisema ardhi ina kiburi.

Mwaka wa vita vya Kagera nilikuwa darasa la pili.
Redio uliifunika kitambaa cha kufuma,
ukaifunua saa mbili usiku tu.
Gari liliposimama kwa Mama Chaula, nyumba ya tatu,
wakashuka maofisa wawili, kofia mkononi,
ulikwenda na unga. Ulirudi usiku wa manane
ukaosha sahani ya baba,
safi, ambayo hakuna aliyeilia.

Alirudi. Alirudi na masikio mabovu na kimya kirefu.
Ukajifunza kupaza sauti kwa upole.

Mwishoni ulisahau. Mimi uliniita Atuganile,
dada yako aliyekufa kwa surua.
Lakini namba ya jeshi ya baba uliitaja yote,
tarakimu kwa tarakimu, mbele ya muuguzi
aliyekuwa ameuliza jina lako tu.

Askari huzikwa kwa milio ya bunduki.
Wewe ulizikwa kwa kwaya ya akina mama wa Moravian, na mvua.
Usiku wa kuamkia siku ile nilimkuta baba jikoni
kwenye kigoda chako, miaka themanini na mmoja,
kopo la kiwi kati ya miguu,
anang'arisha viatu vyako vya kanisani.
Kisigino. Ncha. Anavipulizia pumzi, anarudia.
Nikamwambia: baba, hakuna atakayeviona.
Hakusikia. Au alisikia.

Mgomba wa nyuma ya nyumba, huu mmoja ambao hatukuuhama,
tuliukata mkungu, tukalisha waombolezaji.
Chipukizi lake nimelifunga gunia.
Jumatatu nahamia Makambako,
na sijui kama udongo wa kule una kiburi.