Kulitoa Hodhi

Aprili, Duluth. Theluji ya mwisho
imejikunyata nyuma ya gereji, nyeusi pembeni,
haitaki kuambiwa msimu umekwisha.
Jirani yetu Orrin kaegemea uzio,
kikombe cha kahawa kinafuka mkononi.
"Kazi ya saa mbili," anasema. "Vipande vinne, mmemaliza."
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kwanza mfuniko.
Zamani tuliuinua kwa mkono mmoja;
sasa umekunywa mvua za miaka tisa,
tukauburuta wawili kama ng'ombe aliyezama.
Chini yake maji ya kijani, majani ya mwaloni,
na mpira wa tenisi wa mbwa aliyekwisha kufa.
Tukayanyonya maji kwa bomba la mpira hadi mtaroni.

Darrel alizima umeme kwenye sanduku la fyuzi,
akaja akapima, akarudi akazima tena.
Hamwamini baba hata akiwa kaburini:
nyaya zote za nyumba hii alizifunga mwenyewe,
Jumamosi, kwa redio na matusi.

Alilinunua kwa ajili ya mgongo, mwaka wa tisini na sita.
Mgongo wenyewe aliuacha gatini, kwenye madini ya chuma.
Daktari alisema maji moto. Mama alisema benki.
Likaja juu ya lori, jeupe kama jino,
na majirani wakaja kulitazama
kama watu waendao kumwona mtoto mchanga.
Usiku wa nyuzi ishirini chini ya sifuri
walikaa humo wawili, kofia za sufu kichwani,
nyusi zimeganda barafu,
nasi watoto tulikatazwa kuchungulia.
Tulichungulia.
Hawakuwa wakifanya lolote. Walikuwa wakizungumza.
Mezani hawakuzungumza hivyo.

Tulipong'oa ubao wa ubavuni
povu la manjano lilimwagika,
na ndani yake mji mzima wa panya:
vyumba, ghala la mbegu za alizeti, kitanda
kilichofumwa kwa uzi wa sweta tunayoijua.
Na kwenye fremu, kwa penseli, mwandiko wa baba:
USIGUSE WAYA MWEKUNDU. NIPO HAPA. NIULIZE.

Darrel aliweka bisibisi chini,
akaenda kukagua trela isiyo na kasoro.

Nikawasha msumeno.
Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka.
Mama, koti la baba juu ya gauni la nyumbani,
buti za theluji, hakusema neno.
Akapanda ngazi mbili za plastiki, moja imepasuka,
akaingia ndani ya hodhi kavu,
akaketi upande wa kushoto.
Upande wa kulia akauacha.
Msumeno ulikuwa bado unanguruma mkononi mwangu
kama mtu asiyejua kunyamaza msibani.
Nikauzima.
Orrin alivua kofia, kisha akaona haya, akaivaa.

Akasema, si kwetu:
"Pampu ilikuwa na kelele mno.
Nusu ya maneno yako sikuyasikia.
Nilikuwa naitikia tu."

Kisha akanyosha mkono nimsaidie kutoka.
"Haya. Kateni."

Vipande vinne havikutosha. Tulikata kumi na moja.
Vumbi la faiba lilituwasha shingoni hadi Jumanne.
Kule jaani mizani ilisema kilo mia tatu na ushei,
na kijana wa kibandani akaandika: TAKA MCHANGANYIKO.

Uani umebaki mraba wa saruji.
Orrin ameshauri maua, ameshauri jiko la nyama.
Mama amesema ataona.

Ule ubao wenye penseli haukufika jaani.
Uko chini ya kiti cha gari la Darrel,
umefungwa kwa taulo.
Nilimwona akiuficha.
Sikumuuliza.