Mgeni wa Chini ya Kiti

Chidawali alilileta Jumanne, limefunikwa turubai la kuanikia mahindi,
gari la milango miwili, paa la kitambaa,
na kitambaa chenyewe kimepasuka mshono wa nyuma
kama suruali ya mtu aliyeruka ukuta.
"Fundi Seche," akasema, "nataka lipumue."

Nikamcheka. Kipupwe hiki, Kizota hii,
upepo umeinua nusu ya mtaa hewani,
nawe unaendesha gari lisilo na kofia?
"Nililiona kwenye picha," akajibu, "nalo likaniona."
Mhasibu yule. Hesabu zake zote kule Mtumba hutimia,
isipokuwa hii.

Nikafungua eya klina: vumbi jekundu,
la kutosha kusia mtama.
Tabo ya kiwandani ilikuwa imechoka, mhimili unacheza
kati ya vidole viwili kama jino la mtoto.
Nikafunga kubwa zaidi.
Intakula mbele, pana kama sinia la harusi,
mabomba yake nikayachomelea mwenyewe usiku,
umeme ukija na kuondoka
kama mdaiwa anayechungulia kama upo.
Pampu mpya ya mafuta. Plagi. Ekzosi ya inchi tatu.

Kisha nikakaa na laptopu pajani,
waya umepenya chini ya usukani
hadi kwenye kontroli boksi, pale gari linapofikiria.
Wengi hudhani nguvu ni kumimina petroli.
Nguvu ni kuuliza: kwa mzunguko huu, kwa joto hili,
kwa hewa hii nyepesi ya Dodoma, mbali juu ya bahari,
cheche ije lini?
Ukiiharakisha, pistoni zinagonga, kokoto ndani ya sufuria.
Ukiichelewesha, hela ya mtu inatokea bombani.
Nikasogeza digrii moja. Nikasikiliza.
Nikarudisha nusu.

Jumamosi tukalitoa barabara ya Singida, paa chini.
Kwenye elfu tatu tabo ikashika:
kwanza mluzi, mwembamba, wa mchunga ng'ombe
aliye ng'ambo ya korongo,
ndipo mgongo wangu ukakijua kiti.
Mashamba ya zabibu yakawa mstari mmoja.
Chidawali akapiga kelele isiyo neno.
Pale Nala trafiki alikuwa na tochi yake;
tukapita kwa hamsini, wanyenyekevu,
ekzosi ikinguruma chinichini
kama mtu anayetukana kanisani.

Akalipa. Nikaandika risiti. Nikadhani yamekwisha.

Jumatatu akarudi na mama yake.
Bi Mbeleje, kitambaa kimekazwa kichwani kwa ajili ya upepo,
hakutazama tabo. Hakutazama geji tatu mpya,
wala redio ya skrini iliyonila siku nzima.
"Yule mgeni," akaniuliza, "mmemfukuzia wapi?"

Sikuelewa. Chidawali akatazama viatu vyake.
Kumbe ni kile kiboksi cha Kijapani chini ya kiti,
cha kulipia barabara za kwao huko,
ambacho kila ukiwasha gari
sauti ya mwanamke hutoa maneno
hakuna anayeyajua, hapa mpaka Kondoa.
Nilikikata. Mafundi wote hukikata.

"Miaka miwili ananisalimia," akasema,
"namwitikia, ananyamaza kwa adabu.
Uliwahi kumuuliza kama anataka kuondoka?"

Nikapekua ndoo ya vyuma chakavu.
Alikuwa chini kabisa, kati ya plagi kuukuu na bolti zisizo na kwao.
Nikatafuta waya wake mwekundu, nikatafuta mweusi,
nikalehemu, nikaweka fyuzi yake peke yake.
Hela sikudai. Ningeidai kwa jina gani?

Nikawasha.
Geji zikaruka, zikarudi. Injini ikatulia.
Na chini ya kiti, wazi, bila haraka,
yule mwanamke akasema alichokuja kusema.

"Mbukwenyi," akaitikia Bi Mbeleje, akafunga mkanda.

Walikuwa wameshakunja kona
nilipokumbuka paa.
Mshono ule hatukuushona.