Stika

Picha nilipiga mimi.
Idi ya mwaka jana, uani kwetu Mtoni,
Mshamu na sahani ya pilau mapajani,
shavu moja limejaa, kanzu imembana kwapani,
anamcheka mtu aliye nje ya picha.
Nikaiweka stetasi. Basi. Sikuandika neno.

Kufika Jumatatu ilikuwa imeshakatwa,
imevuliwa ukuta, imevuliwa kamba ya nguo,
kabaki yeye na shavu lake
na maandishi mekundu: BONGE HABAKIZI.
Kidato cha pili B wakaifanya jibu la kila kitu.
Mtihani lini? Bonge habakizi.
Nani kaona daftari langu la Kemia? Bonge habakizi.
Mtu kafiwa na babu yake, zikamiminika pole,
na katikati ya pole
mdogo wangu, anatafuna.

Akaanza kufunga.
Jumatatu na Alhamisi. Mama akafurahi,
akawasimulia wateja wa vitumbua:
huyu wangu kashika dini, mashaallah.
Ikaja Jumanne. Ikaja Jumamosi.
Magharibi ikiadhiniwa huchukua tende moja,
huizungusha mdomoni kama neno asilotaka kulisema,
kisha husema ameshiba.
Aliyenenepa ni paka wa jirani.

Mimi nilijua.
Tunalala chumba kimoja, pazia katikati,
na usiku wa manane mwanga wa simu yake
unapanda ukutani, unashuka, unapanda.
Alikuwa anaihesabu. Kila ilipotumwa, alihesabu.
Ningeweza kusema kupitia pazia: picha nilipiga mimi.
Nikageukia ukutani.

Jana kaanguka paredini,
jua lenyewe halijakolea.
Zahanati, dripu, harufu ya dettoli.
Nesi akauliza kala nini, mama akamjibia: amefunga.
Nesi akautazama mkono wa Mshamu, mfupa wa kiwiko,
akamtazama mama.
"Amefunga tangu lini?"

Simu ikatetemeka juu ya shuka. Mama akaiokota.
Hasomi bila miwani, na miwani kaiacha nyumbani
kando ya beseni la unga.
Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu,
uso wake ukafunguka.
"Kumbe picha hii ipo, na mmenificha!
Siku ile ulipendeza, baba. Ulipendeza kweli.
Nani alikupiga?"

Mshamu hakumtazama mama.
Alinitazama mimi.
Dripu inadondoka. Nesi bado kasimama na kalamu,
anangoja kuambiwa tangu lini.

Nikafungua mdomo.