Robota

Nimerudi juzi. Barabara ya Kumi na Mbili nzima inauliza:
theluji ikoje, mnara gani umeupanda, picha ziko wapi?
Mama Sharifa wa genge anataka kujua
kama ni kweli huko wanazika maiti na viatu vyake.
Nawaambia theluji haibishi hodi,
unaamka tu, imeshaingia uani.
Wanaridhika. Wanarudi kwenye vitumbua.

Nilichokiona hasa sijamwambia mtu hapa mtaani.

Kampuni ilinipeleka wiki tatu, mimi mpima nyuzi,
nikaone mkonge wetu unakoishia.
Kiwanda cha kamba, mji wa bandari, Polandi,
bati juu kama letu la Ngomeni.
Nikasimama mlangoni, wallahi, mguu ukagoma:
harufu ya nyuzi zilizotoka kuanuliwa,
harufu ya shati la marehemu baba saa kumi jioni,
imevuka bila pasi, bila chanjo,
imefika kabla yangu.

Hapo yupo Bi Halina. Miaka sitini na minane,
mkono wa kushoto vidole vitatu.
Viwili vilikwenda na mashine
mwaka ule aliomzaa binti yake wa mwisho,
naye akarudi kusokota kamba za meli kwa vilivyosalia,
mpaka meli zenyewe zikahamia nailoni,
akabaki na kamba za paka kukwarua kucha.
Hilo alilisema akicheka. Mimi sikujua nicheke wapi.

Kijana mkalimani akauliza, kwenu mzigo huu mnauitaje?
Robota, nikasema.
Bibi akapiga aproni yake kofi: Robota!
Kumbe kwao neno hilo ni kazi.
Tukawa tunarushiana, robota, robota,
kama watoto na mpira wa makaratasi.

Kisha akanifungulia kabati lake.
Pale ambapo wenzake wamebandika watakatifu
yeye kabandika lebo za marobota, thelathini na kitu:
TANGA, TANGA, TANGA, wino mweusi,
na baada ya kila A ya mwisho, nukta.
Akaigusa kwa kidole. Miaka ishirini, akasema,
najiuliza nukta hii ni ya nini.
Zinazotoka kwingine hazina.

Nikakaa juu ya robota.

Nukta ile naijua. Ni ya Yustina Ntahondi,
aliyezaliwa kambini, mtoto wa manamba kutoka Kasulu
ambaye mkataba ulimwisha na nauli haikuwahi kutimia.
Miaka thelathini na mmoja alipiga muhuri
neno asiloweza kulisoma.
Nukta aliichonga mwenyewe, kwa msumari,
imwambie neno limesimama, halijapinduka.
Mnyapara aliwahi kumkata nusu siku kwa uharibifu wa mali.
Akalipa. Nukta akaiacha.

Safari yake ndefu kuliko zote ni Korogwe,
kumzika kaka, akarudi siku ya pili.

Sasa anakaa Pongwe. Nilikwenda Jumapili
na kilo mbili za sukari na ile habari.
Alikuwa anamenya njugu kwenye ungo.
Nilimweleza yote: kiwanda, vidole, kabati,
jinsi bibi wa watu alivyonishika bega
nilipomwambia ni nani.
Theluji hakuiuliza.
Aliuliza vile vidole viwili walivizika au walivitupa.
Nikasema sikuuliza.
Akanitazama kama mtu aliyetumwa dukani
akarudi na chenji tu.

Njugu zikaendelea kudondoka. Kuku akaja, akafukuzwa.
Nilikuwa nimeshasimama, nimeshaaga,
aliponiita kwa sauti ndogo, ya msichana karibu:

Hizo karatasi.
Alizibandika wima?

Wima, nikasema. Zote.

Haya, akasema,
akapeta ungo.