Jopo la Saa Nne Asubuhi

Ukumbi wa tatu, hotelini Turku; theluji dirishani.
Tuulikki Haapasalo anagonga maikrofoni: "Mnanisikia?"
Wanaomsikia ni kumi na mmoja;
wa kumi na mbili, mwenye pembe za sponji, anakoroma.

Mada: Nani Atazirithi Nyota?
Mwenzake wa kushoto ameshazirithi zote,
maneno yanamtoka kama maji ya bomba bovu.

Ndipo binti wa safu ya nyuma, kofia ya foili kichwani:
"Kwenye chombo chako, miaka mia tatu safarini,
nani anaosha vyombo?"

Vicheko.
Tuulikki hacheki.
Riwaya saba, kila nati ya injini ina jina,
na sinki hakuna.

Anageuza kibao chenye jina lake,
anaandika nyuma yake: sabuni.